Adapta haishushi volti: vyombo vya Marekani kwenye umeme wa Tanga

SWALI

Assalaam aleykum ndugu zangu wa safu hii.

Kaka yangu anayeishi Marekani katuletea pipa. Ndani mna vyombo vya umeme, vingine vipya kabisa, vingine vimetumika kidogo. Mimi hapa Ngamiani ni mpika vitumbua, kwa hiyo niliposikia kuna blenda nilifurahi sana. Nimewanakilia yaliyoandikwa chini ya kila chombo, kama yalivyo:

Blenda: 120V 60Hz 1200W
Raiskuka: 120V 60Hz 700W
Mashine ya kukorogea keki: 120V 60Hz 325W
Drayeri ya nywele: 125V 60Hz 1875W
Maikrowevu: 120V 60Hz, na mlangoni imebandikwa 1000W
Chaja ya laptopu: INPUT 100-240V 50/60Hz 1.7A, OUTPUT 19.5V 3.34A

Plagi zake ni za vibapa viwili, haziingii kwenye soketi zetu. Nikanunua adapta, nikaanza na raiskuka, mchele vikombe vitatu. Hata robo saa haijafika, swichi ikaruka kwamba wali umeiva. Kufunua: chini mkaa, juu una kiini. Nikaibonyeza tena, ikatoa harufu ya plastiki, ikazima, na mpaka leo haiwaki. Kinachonishangaza ni kwamba breka haikushuka na fyuzi ya adapta ni nzima. Kama umeme ulikuwa mwingi, mbona breka imenyamaza?

Fundi wa mtaani anasema nikate plagi zote nifunge za pini tatu, eti mbaya ni adapta. Muuza duka anasema nichukue transfoma ya wati 500, itaendesha vyote mradi niwashe kimoja kimoja. Baba watoto anasema tutumie stablaiza ya friji, ipo ndani. Nimsikilize nani?

La pili, ekstensheni ya sebuleni ina friji, pasi na jagi la kuchemshia maji. Plagi yake imegeuka kahawia pembeni ya pini moja, na ukiishika ni ya moto. Nikinunua yenye matundu mengi zaidi itapungua joto?

Mama Vitumbua, Ngamiani, Tanga


JIBU

Wa aleykum salaam, Mama Vitumbua. Pole kwa wali. Tuanze na hiyo breka, kwa sababu wengi huitumia kama shahidi: haikushuka, basi umeme haukuwa na kosa. Breka inahesabu ampea tu. Volti haizijui kabisa.

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, hezi 50 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Zile wati 700 za raiskuka zina sharti, nalo ni volti 120. Waya wake wa joto una ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa kama omu 20 na nusu, na ukinzani huo haubadiliki sana ukiuhamisha nchi. Ukiuchomeka kwenye 230, ampea zinapanda kutoka karibu 6 hadi 11, na kwa kuwa wati ni volti mara ampea, 230 mara 11 na kidogo inakupa wati 2,570 hivi. Volti hazijafika hata maradufu, lakini joto limekuwa mara tatu na theluthi mbili.

Sasa angalia fyuzi ya adapta: ampea 13. Breka ya soketi kwa kawaida ni 20 au 32. Ampea 11 zinapita hapo kwa amani kabisa. Vyote viwili vimewekwa kulinda waya za nyumba, na waya za nyumba zako hazikuumia. Kilichoungua ni chombo, ambacho breka haikutumwa kukilinda.

Hata wali wenyewe unaeleza. Katikati ya sahani ya moto ya raiskuka kuna sumaku inayoshikilia swichi. Maji yakiwepo, kitako cha sufuria hakivuki nyuzi 100 kwa mengi, sumaku inashika. Maji yakikauka, joto linapanda, sumaku inaachia, swichi inaruka. Kwa wati 2,570 kitako kilikauka na kuungua huku maji ya juu hayajanywewa na mchele, sumaku ikaachia kabla ya wakati. Ulipoibonyeza mara ya pili, joto likapanda mpaka likakata fyuzi ya joto, kile kidubwana cha mwisho kilichowekwa ili chombo kisiwake moto.

Hivyo huenda raiskuka yako haijafa. Fundi aichomoe, aigeuze, afungue kitako. Atafute kidude chembamba kama kiungo cha kidole kidogo, kimevalishwa soksi nyeupe ya nyuzi za kioo na kubanwa karibu na sahani ya moto. Juu yake kimeandikwa ampea na nyuzi, kwa mfano 10A 172°C. Akipime kwa mita: kama hakipitishi, kimekatika. Kisha apime sahani yenyewe. Ikisoma omu 20 hivi ni nzima, isiposoma kitu imekatika na hapo msipoteze muda. Fyuzi mpya iwe na nyuzi zilezile na ampea zilezile, na aibane kwa kiungo cha kubana badala ya kulehemu kwa risasi, kwa sababu joto la kulehemu linaikata kabla hata hajafunika. Akisema ataunganisha waya moja kwa moja "kwa sababu hizi fyuzi ni usumbufu", nyanyua raiskuka yako uondoke nayo. Ikirekebishwa, bado ni ya volti 120.

Sasa plagi. Adapta inabadilisha umbo la pini tu. Inachoingia nacho ndicho inachotoka nacho, volti 230. Kukata plagi na kufunga ya pini tatu kunafanya jambo lilelile, ila kunaongeza hatari: leo wewe unajua kile chombo ni cha 120, kesho mtoto au mgeni ataona plagi ya kawaida ataichomeka ukutani. Viache vibapa vile viwili, vinakusaidia ulinzi. Tena jihadhari na zile ekstensheni za matundu ya mchanganyiko zinazokubali plagi za kila aina, maana plagi ya Kimarekani inaingia humo bila adapta wala onyo. Bandika utepe kwenye waya wa kila chombo cha 120, andika kwa wino mzito "SI YA UKUTANI".

Chombo kimoja tu katika pipa lako hakina tabu: chaja ya laptopu. Hayo maneno 100-240V 50/60Hz yana maana kwamba inapokea umeme wa Tanga na wa Marekani sawasawa, inajirekebisha yenyewe. Hata adapta huihitaji. Waya wake wa ukutani unachomoka kwenye kile kiboksi; nenda nao dukani, nunua waya wenye kichwa kilekile na plagi yetu ya pini tatu yenye fyuzi ya 3A. Chaja za simu na televisheni nyingi za sasa ziko hivyohivyo, ila usikisie, soma kibandiko. Na siku chaja hiyo ikifa, mbadala uwe na volti zilezile, 19.5, na ampea 3.34 au zaidi. Ampea zikizidi hakuna madhara, kwa kuwa laptopu huvuta inachohitaji. Zikipungua, mfano 2.31, itachaji kwa kusuasua au itaigomea kabisa. Volti zikiwa tofauti, iache hukohuko dukani.

Vilivyobaki vyote vinataka transfoma ya kushusha. Muuza duka kwa hilo yuko sawa, lakini wati 500 ni kwa mashine ya keki peke yake. Mota zinapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya kilichoandikwa, kwa hiyo transfoma ya chombo chenye mota iwe angalau mara moja na nusu ya wati zake, na mara mbili ndiyo salama zaidi. Mashine ya keki ya 325: transfoma ya 500 inaibeba kwa unga mwepesi, ila donge la mkate likikaza mota inahemewa, tunakushauri 750. Blenda ya 1200: transfoma ya 2000. Chombo cha joto tupu hakina kishindo cha kuanza, robo ya ziada inatosha, kwa hiyo raiskuka ya 700 inaridhika na ya 1000.

Ukiweka blenda ya 1200 kwenye transfoma ya 500, volti zinazama, blenda inaguna na mchele haulainiki, na transfoma inapata moto. Iliyotengenezwa vizuri itajikata. Ya hovyo itaunguza vanishi ya koili zake, na harufu yake utaijua.

Dukani, kwanza inyanyue. Transfoma ya kweli ina chuma na shaba ndani, ya wati 1000 ina kilo kadhaa. Ukiona kimeandikwa 1600W na kina uzito wa kipande cha sabuni ya mche, hicho kinakatakata mawimbi ya umeme tu. Kinaweza kupasha pasi ya zamani isiyo na saa wala skrini, lakini mota na vifaa vya kielektroniki vinaharibika humo. Pili, omba ichomekwe, na mita iwekwe kwenye volti za AC, usome upande wa kutokea: kati ya 110 na 120 ni sawa. Transfoma hugawa kwa mbili, haisawazishi. Jioni umeme ukishuka ukutani hadi 190, kule utapata 95. Tatu, tundu lake liwe na pini ya ardhi inayofika kweli, hasa kwa mashine ya keki yenye mwili wa chuma. Nyumbani, baada ya dakika kumi za kazi weka kiganja juu yake. Vuguvugu ni kawaida. Ikikufanya utoe mkono, umeizidishia. Ukimaliza, izime ukutani. Hata isipoendesha kitu inakula LUKU: tuseme wati 15 tu mchana na usiku, kila siku tatu yuniti moja imekwenda bure.

Baba watoto hakukosea sana. Baadhi ya stablaiza zina matundu mawili nyuma, moja limeandikwa 220 na jingine 110. Kama yenu ina hilo la 110, mashine ya keki inaweza kukaa hapo, lakini soma uwezo wa tundu hilo peke yake, mara nyingi ni mdogo kuliko namba kubwa iliyopigwa mbele. Na friji isiwe juu yake wakati huohuo, kwa sababu kompresa ikianza inatikisa kila kilicho nayo. Kama ina tundu la 220 tu, kazi yake ni kuirudisha 190 au 250 kwenye 220. Kwa vyombo vyako haitasaidia kitu.

Kuna hili la hezi, ambalo wauza transfoma hawalitaji. Transfoma inashusha volti, hezi zinabaki 50. Blenda, mashine ya keki na drayeri hazijali sana, mota zake ni za brashi za kaboni. Raiskuka haijali hata kidogo. Anayejali ni maikrowevu. Ndani yake, kama ni ya aina ya kawaida, mna transfoma nzito iliyopimwa kwa hezi 60. Ukiilisha 50 chuma chake kinashiba sumaku, inavuma, inachemka, na maisha yake yanakuwa mafupi hata volti zikiwa sahihi. Isitoshe, ile 1000W ya mlangoni ni nguvu inayofika kwenye chakula. Ukutani inavuta kama 1500. Utanunua transfoma ya 2000 kwa ajili ya chombo kisichoutaka umeme wenyewe. Tunasema achana nayo. Wala mtu asiifungue kutafuta vipuri nyumbani, kapasita yake inaweza kubaki na volti maelfu hata ikiwa imechomolewa. Feni na friji za hezi 60 nazo zina matatizo ya namna hii, mzunguko unapungua kwa karibu asilimia 17 na mota inapata joto.

Drayeri angalia ubavuni au kwenye mpini, baadhi zina kiswichi kidogo cha 125/250 kinachogeuzwa kwa sarafu. Ikiwepo, igeuze 250 kisha adapta inatosha. Ikikosekana, usiiguse. Kwenye 230 itataka zaidi ya wati 6,000, na transfoma ya kuibeba ni mzigo wa kukaa chini ya meza kwa ajili ya kukausha nywele.

Tukupe rai yetu bila kuzunguka. Nunua transfoma moja ya 750 au 1000 kwa mashine ya keki, kwa kuwa mashine hizo hudumu na mota yake ina haki ya kutunzwa. Raiskuka ikipona, ya 1000 itaihudumia pia, ila zisiwashwe pamoja. Blenda ya kazi nunua hapahapa, ya 220-240V yenye alama ya TBS, halafu ile ya kaka ibaki ya juisi siku ukipata transfoma kubwa. Sababu ni vitumbua vyenyewe. Mchele uliolowekwa usiku kucha na nazi ya kukunwa ni mzigo mzito kwa blenda ya jikoni, wewe unasaga kila alfajiri, na transfoma katikati ni kitu kimoja zaidi cha kukufelisha wateja wakiwa mlangoni. Blenda yoyote utakayotumia, weka mchele nusu jagi na maji au tui ya kufunika visu, saga dakika moja, ipumzishe dakika mbili. Mota haiungui kwa kusaga mchele mwingi. Inaungua kwa kusagishwa mfululizo ikiwa na rojo zito, mpaka unasikia sauti inashuka. Hiyo sauti ikishuka, zima.

Sasa ekstensheni, na hili lifanye leo, kabla ya hayo ya pipa. Jumlisha: pasi kama wati 2000, jagi 1800, friji 150. Jumla 3,950. Gawa kwa 230, unapata ampea 17. Plagi yetu mwisho wake ni 13, yaani wati 2,990. Usitegemee fyuzi ikuokoe hapo: ya 13 inaweza kubeba ampea 17 kwa muda mrefu bila kukatika, huku plagi inachemka. Hata hivyo ifungue plagi uitazame fyuzi yenyewe, huenda kuna mtu ameifunga karatasi ya fedha ya sigara au ameweka msumari. Kahawia pembeni ya pini moja ni dalili ya mguso hafifu: skrubu imelegea ndani, au soketi ya ukutani imechoka kubana, na hewa yetu ya pwani yenye chumvi inakula shaba mapema. Mguso ukiwa hafifu, joto linazaliwa palepale, joto linalegeza zaidi, na mwisho wake ni plastiki kuyeyuka. Badilisha plagi na soketi yake vyote viwili. Ukibadilisha kimoja, kibovu kilichobaki kitaharibu kipya.

Matundu mengi hayapunguzi joto, yanakaribisha vyombo zaidi kwenye waya uleule. Tazama waya wenyewe. Pembeni huwa umepigwa chapa: 3 x 0.75 (nyaya tatu, kila mmoja wa milimita za mraba 0.75) ni wa ampea 6 hivi, wa televisheni na taa. Kwa pasi au jagi unataka 3 x 1.25 au 3 x 1.5. Zipo ekstensheni zimeandikwa 13A juu ya boksi na ndani mna waya wa 0.75, au nyuzi za alumini zilizopakwa shaba. Kwangua ncha ya uzi kwa kisu; ukitokea weupe, siyo shaba. Na hata ukipata nzuri, usiitumie ikiwa imekunjwa kwenye roli yake, ikunjue yote.

Jagi liende soketi ya ukutani peke yake, pasi vivyo hivyo. Friji ipewe soketi yake pamoja na stablaiza yake. Ekstensheni mpya ibaki na televisheni, chaja na taa.

Kaka yako akitaka kutuma tena, mwambie kabla ya kulipa apige picha ya kibandiko cha chini akutumie. Kikisoma 100-240V au 220-240V na 50Hz au 50/60Hz, alete. Kikisoma 120V 60Hz na ni chombo cha joto, akutumie hela yake.